Kuku wa Watu

Ayub mwenye bucha alikuwa mtu wa pekee mjini Meru aliyeishi na uwanja mzima wa kuku asile hata paja. Majirani zake wa Majengo walimcheka kwa hilo miaka nenda miaka rudi. Mwanamume anaamka alfajiri, anachinja, anapasua, anakata na kupima nyama mpaka jioni, kisha akirudi kwake anapishana mlangoni na jogoo anayemtazama kwa dharau, naye hana la kumfanya. Kuku hao hawakuwa wake. Hawakuwa hata wa mkewe. Walikuwa kuku wa watu.

Mkewe alikuwa Zuleka, na habari ya kuku ni habari ya Zuleka. Alikuwa afisa wa kushughulikia watoto kule Mbeere, nyanda za chini za Embu, ambako mvua huja ikipenda na watu hulima mtama na ndengu kwa moyo mgumu. Jumatatu alfajiri aliondoka Meru, akashuka Runyenjes, akapanda boda boda ya kumteremsha mpaka kwenye joto lenyewe. Ijumaa jioni alirudi na vumbi mpaka kwenye kope, mkoba begani na kuku kwapani. Mama yake alikuwa Mmbeere aliyeolewa na mfanyabiashara Mwislamu wa mjini, kwa hiyo Kimbeere alikipata nyumbani, na Kiswahili na Kimeru akavipata mtaani. Kunyamaza hakujifunza katika lugha yoyote.

Kazi yake ilikuwa kuwarudisha watoto mahali pao. Msichana aliyekuwa anatafutiwa mume kabla hajamaliza shule, mvulana aliyeachwa porini na mbuzi wa watu, yatima aliyegeuzwa kijakazi nyumbani kwa shangazi yake, hao ndio waliokuwa wake. Hakwenda na polisi ila pale ilipobidi kabisa. Alikwenda peke yake, akapewa kiti, akaomba ucuru, ule uji wa mtama, akaunywa taratibu huku akizungumza habari za mvua, za bei ya ndengu, za magoti ya mama mkwe. Jua lilipanda, likashuka, Zuleka yupo. Wazee wengi walimkubalia alilotaka ili waweze kwenda kulala. Chifu mmoja wa huko alisema kwamba kama serikali ingekuwa na akili ingempeleka Zuleka mpakani na kuliacha jeshi lipumzike.

Mambo yakishatengenea, familia ilimpa kuku. Huko Mbeere mtu aliyekufaa haondoki mikono mitupu, na kumrudishia mtu kuku wake ni kumtukana yeye na mkewe. Lakini mtumishi wa serikali naye hapokei zawadi, na sharti hilo Zuleka alilishika kama alivyoshika swala. Basi akabuni njia yake. Alimpokea kuku, akashukuru sana, akawaombea dua wote waliokuwepo, kisha akamgeukia mtoto.

"Huyu nimempokea, lakini ni wako. Mimi nakufugia tu. Ukimaliza shule, uje umchukue."

Familia ikaridhika, sheria ikaridhika. Aliyekosa kuridhika ni Ayub, kwa sababu uwanja ulikuwa wake.

Kila kuku aliitwa kwa jina la mwenyewe. Alikuwepo Gedion, jogoo mwekundu mwenye tabia mbaya aliyewika saa ambazo hata muadhini alikuwa bado amelala. Alikuwepo Njoka, tetea mnene aliyetagia ndani ya viatu. Kuku akifa kwa uzee, kifaranga wake alirithi jina, kwa hiyo Gedion wa sasa alikuwa mjukuu wa Gedion yule wa kwanza, na tabia alikuwa ameirithi pia. Wapo watoto waliomaliza shule wakaja kweli. Zuleka aliwapikia, akawakabidhi kuku, akawasindikiza mpaka stendi huku akilia kama anaoza binti. Wengine walikuwa bado. Maisha yaliwashika huku na huku, na kuku wao wakazidi kunenepa mbele ya macho ya Ayub.

"Mama Halimah, huyu Gedion ameninyea kiti tena," Ayub alilalamika siku moja miaka ya nyuma. "Leo namla."

"Mguse uone. Huyo ana mtihani mwaka huu."

"Jogoo ana mtihani?"

"Mwenyewe ana mtihani. Unataka afanye mtihani huku kuku wake ameliwa?"

Ayub alikwenda kufuta kiti. Aliruhusiwa mayai tu, ambayo Zuleka aliyaita mshahara wa mfugaji, na aliyala kwa hasira.

Binti yao mmoja tu, Halimah, alipenda kusema kwamba yeye ndiye mtoto wa pekee wa Zuleka asiyekuwa na kuku. Aliyasema hayo kwa kutania, maana alijua vizuri alivyopendwa. Alipoingia chuo kikuu na kupanga chumba Nchiru, mama yake alimfuata huko kila Jumapili na chapati ndani ya bakuli la kufunika, chapati ambazo ungeweza kuzibia pancha. Alimkagua nywele, viatu na marafiki. Alimshika mashavu mbele ya wanafunzi wenzake na kumuuliza kwa sauti ya kusikika hadi kwenye vibanda kama choo anapata vizuri. Kisha angemsikia msichana wa chumba cha pili akilia, akaingia huko, akaketi kitandani, na Halimah asimwone tena mpaka magharibi. Halimah aliona aibu mpaka akatamani ardhi ipasuke. Lakini Jumapili ambayo mama hakuja, alishinda dirishani.

Halafu koo la Zuleka likaanza kumsumbua. Chakula kilikwama, akakisukuma kwa maji, siku nyingine kikakataa hata maji. Ayub alimwambia ni chapati zake mwenyewe zimemrudia. Majibu ya hospitali yalipotoka, ilikuwa saratani ya koo, na mzaha ule hakuurudia tena maishani mwake.

Mwanamke aliyekunywa ucuru katika kila nyumba ya Mbeere sasa alihesabu vijiko. Ayub, ambaye hakuwahi kuwasha jiko ila kwa ajali, alijifunza kutengeneza supu. Siku ya kwanza alitoka na kisu akielekea uwanjani, na kutoka kitandani ikasikika sauti nyembamba.

"Baba Halimah. Unaenda wapi na hicho kisu?"

"Nakutafutia supu."

"Hao ni kuku wa watu."

Basi Ayub, mchinjaji na mwenye bucha, mwenye uwanja uliojaa kuku, alivaa koti akaenda Gakoromone kununua kuku sokoni. Akina mama wanaouza kuku pale walimcheka mpaka wakashika mbavu. Alinunua, akachinja, akachemsha, akachuja, akamnywesha mkewe taratibu. Zuleka alimeza kidogo, akasema chumvi imezidi. Ayub alifurahi siku nzima kwa kule kukosolewa.

Karibu na mwisho, sauti ilipokuwa imebaki kama ya mtu anayeongea nyuma ya ukuta, alimshika Ayub mkono. Kwanza alimwachia usia kuhusu Halimah: amalize chuo, asiozwe haraka, asipewe nyama ya mafuta mengi. Kisha akaja kwenye kuku.

"Usimchinje hata mmoja. Wenyewe watakuja."

"Na wasipokuja?"

"Watakuja. Niahidi."

Ayub aliahidi. Alikuwa amemwahidi mambo mengi katika ndoa yao na mengine aliyasahau kabla hajafika mlangoni, lakini hili alilishika, kwa sababu lilikuwa la mwisho kuombwa naye.

Zuleka alifariki asubuhi. Alioshwa, akavikwa sanda, akaswaliwa, na baada ya alasiri alikuwa ameshazikwa, kama ilivyo desturi. Majengo yote ilikuja. Halimah alilia mpaka sauti ikamkauka. Ayub hakulia. Alipokea rambirambi, akashukuru, akasimamia viti, akarudi nyumbani, akakaa kwenye kiti chake bila kuangalia kama kimenyewa.

Sasa, habari zilifika Mbeere siku ileile, na watu wa Mbeere walifanya kama watu wa Mbeere wanavyofanya. Waliunda kamati. Kamati ilikaa, ikamchagua Mzee Kathuri kuwa mwenyekiti, ikatafuta lori, ikashona sare mpya za kwaya, ikapanga nani atasoma neno na nani atafunga kwa sala. Mazishi yoyote ya maana huchukua wiki nzima kuandaliwa, na haya yalikuwa ya maana kuliko yote. Jumamosi iliyofuata, saa nne asubuhi, lori likasimama mbele ya nyumba ya Ayub, na watu wakaanza kushuka wakiwa na shada la maua, ngoma, na kuku hai. Kuku wengi. Walijua kwamba Waislamu hawali ila kilichochinjwa na Mwislamu, kwa hiyo kwa heshima hawakuchinja kitu. Kila nyumba ilileta wake mzimamzima, miguu imefungwa kwa kamba ya katani.

Mzee Kathuri alivua kofia.

"Tumekuja kumzika mama yetu," akasema.

Ayub aliangalia kwaya, akaangalia shada, akamwangalia mzee.

"Mzee, tumeshamzika."

"Lini?"

"Siku ileile. Alikufa asubuhi, jioni tukamzika. Ndiyo dini yetu."

"Siku ileile?" Mzee Kathuri alishika kifua. "Hata kamati haikukaa?"

Kwaya iliinamisha vichwa. Mama mmoja alianza kulia, kilio cha mtu aliyekosa kuaga, na Ayub akaona aibu ingawa hakuwa na kosa. Aliwapeleka makaburini. Waliweka shada, waliimba nyimbo zao zote walizofanyia mazoezi, na Waislamu waliokuwa wakipita walisimama wakasikiliza. Waliporudi, Ayub alikuwa ameshakata shauri: watu hawa wamekosa mazishi, lakini hawatakosa chakula. Kuku waliowaleta watachinjwa leo, wapikwe, waliwe na wote pamoja.

Alinoa kisu. Akatoka uwanjani. Akasimama.

Halimah alikuwa amewaonea huruma kuku wa wageni. Mama yake hakuvumilia kuona mnyama amefungwa na ana kiu, kwa hiyo binti naye, wakati watu wako makaburini, alikata kamba zote, akawatilia maji na mahindi. Kuku wa wageni walikunywa, wakajinyoosha, wakaenda kusalimiana na kuku wa Zuleka. Wote walikuwa kienyeji, wote asili yao ni Mbeere, na sasa walikuwa kundi moja linaloparua ardhi kwa amani kubwa.

"Halimah," alisema Ayub polepole, "wa wageni ni wepi?"

Halimah aliangalia uwanja. Akaweka mkono mdomoni.

Waliwaita wageni waje watambue kuku wao. Hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa. Wanawake wawili walimshika tetea mmoja, huyu kichwa, huyu miguu. Mzee mmoja aliapa kwamba yule mweusi alizaliwa chini ya kitanda chake. Kathuri, kama mwenyekiti, alimnyooshea fimbo jogoo mwekundu na kutamka kwamba ni wa kamati.

"Huyo hapana!" Ayub alipiga kelele. "Huyo ni Gedion!"

Watu walimtazama mgane aliyeshika kisu akitetea jogoo kwa jina.

Ayub alijua anaonekana vipi. Kama hatachinja, atakuwa amewatukana mara ya pili watu waliosafiri mbali hivyo. Akichinja, huenda akachinja kuku aliyeahidi kumlinda, na yule aliyemwahidi hayupo tena wa kumsamehe. Aliteremsha kisu. Akawaeleza wote, bila kupamba: kwamba mkewe alifuga kuku wa watoto, kwamba alimwachia amana, kwamba alisema wasichinjwe mpaka wenyewe waje, na kwamba sasa hawezi kuwatofautisha.

"Nisameheni," akasema. "Nina nyama ya ng'ombe buchani, nitaleta ya kutosha. Lakini kuku siwezi."

Dereva wa lori, kijana mrefu aliyekuwa ameegemea lango, alijisogeza mbele.

"Mzee, mimi ndio Gedion."

Ayub alimkagua kutoka juu mpaka chini. Kwa miaka yote hiyo Gedion kwake alikuwa kitu chekundu chenye kelele, na hapa palisimama kijana mpole mwenye ndevu chache.

"Wewe ndiye Gedion? Uliyenifanya nisilale?"

"Pole, Mzee. Nilikuwa nakuja kumchukua kila mwaka, halafu kazi inanishika. Mama Zuleka ndiye alinitoa kwa mbuzi za watu akanirudisha shule. Sikuweza kukosa kuja leo."

"Mimi ni Njoka," alisema mwingine, mnene, katika sare ya kwaya.

"Njoka?" Ayub alishangaa. "Wewe ni mwanamume? Mimi nimekula mayai yako miaka yote!"

Hapo kicheko kikapasuka, cha kwanza nyumbani humo tangu ugonjwa uingie. Wakajitokeza mmoja mmoja, wengine wakiwa na watoto wao mgongoni, kila mmoja akitaja jina, na Ayub alilijua kila jina kwa rangi ya manyoya. Kailemia tu, mmoja wa wenye kuku, ndiye hakuwepo, alikuwa kazini Nairobi, wakampigia simu wakaweka sauti juu. Alisikia kilio na kicheko vikichanganyika, akauliza kuna nini, akaelezwa.

"Mzee, huyo wangu chinja," sauti ikasema, kisha ikakatika kidogo. "Wacha watu wakule. Mama alilisha sisi."

"Hata wetu," alisema Gedion. "Wenyewe si tumekuja? Chinja wote, haina haja ya kuchagua."

Ayub alivuta pumzi ndefu. Zuleka alikuwa amesema watakuja, nao ndio hawa, na amana ilikuwa imefika kwa wenyewe. Alielekea kibla, akatamka Bismillah, na jogoo mwekundu akawa wa kwanza. Ayub aliinua kichwa, nusu akingojea kufokewa kutoka dirishani. Hakuna aliyemfokea. Alichinja wa pili, na wa tatu, Halimah na akina mama wakiwachukua kwenda kunyonyoa, na moto ukawashwa chini ya sufuria kubwa.

Alipoinama kumshika tetea mdogo wa shingo uchi, mtoto wa kike akapenya kati ya watu, akamnyakua kuku na kumkumbatia.

"Huyu wangu usichinje."

"We Makandi!" Mzee Kathuri alisonga mbele na fimbo. Mtoto alikuwa mjukuu wake, na wote walijua kwamba mzee mwenyewe ndiye alikuwa amemwachisha shule akachunge, mpaka Zuleka alipokuja kukaa kwake siku mbili mfululizo akinywa uji wake. "Unaniaibisha mbele ya watu. Wenzako wote wametoa."

"Wenzangu wamemaliza shule. Mama Zuleka alisema mpaka nimalize. Mimi sijamaliza."

Ayub alimzuia mzee kwa mkono. Akachuchumaa, kisu nyuma ya mgongo.

"Uko darasa la ngapi?"

"Gredi ya nne."

Ayub alijaribu kupiga hesabu ya miaka iliyobaki katika mtaala huu mpya, akapotea njiani.

"Sikiliza, mwanangu," akasema. "Mama Zuleka ameenda. Harudi. Nani atakufugia miaka yote hiyo?"

Makandi alimtazama kama mtu anayemtazama mkubwa asiyeelewa vitu rahisi.

"Si wewe uko?"

Ayub alifungua mdomo ajibu kwa mzaha, maana mzaha ndio ulikuwa umemvusha siku zote hizo, na mzaha haukuja. Yakaja machozi. Alilia palepale alipochuchumaa, mbele ya kwaya na kamati na majirani zake wa Majengo, kwa sauti, kama alivyopaswa kulia makaburini. Alimlilia Zuleka na maneno yake mengi na chumvi yake iliyozidi. Halimah alikuja akamshika begani. Kuku yule mdogo akatulia mikononi mwa mtoto akiangalia mambo ya watu.

Mwishowe Ayub alijifuta uso kwa kiwiko.

"Niko," akasema. "Huyu anakula nini?"

Hakuwa akijua. Kwa miaka yote hiyo kuku walilishwa na mtu mwingine.

"Mtama," alisema Makandi. "Lakini anapenda zaidi mchwa."

"Mchwa! Mimi hapa mjini mchwa nitawatoa wapi?"

Mtoto alifikiri kidogo.

"Shule ikifungwa," akasema, "nitakuletea."